"Hewa Inatoka": Uchambuzi wa Kisa cha Mashine ya Hewa ya Thieta

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe nikiwa fundi wa viyoyozi katika hospitali yenye thieta tatu. Jina la hospitali, majina ya watu, tarehe na aina ya mashine nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyoandikwa kwenye daftari la kazi, kwa sababu bila vipimo kisa hiki hakimfundishi mtu chochote.

Nakiandikia zaidi vijana wanaotoka kwenye viyoyozi vya majumbani na maofisini na kuanza kazi hospitali. Wanajua gesi, wanajua kompresa, wanajua umeme. Kinachowaponyoka, kama kilivyoniponyoka mimi kwa siku 12, ni swali moja: hewa inaelekea wapi?

Usuli

Thieta yenyewe ina urefu wa mita 6, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 108. Inahudumiwa na mashine moja ya hewa iliyoko kwenye chumba cha mashine juu ya dari. Hewa hupita filta za mwanzo, kisha koili ya baridi (mabomba ambamo gesi huchemka na kupoza hewa), kisha feni kubwa ya ngoma yenye mkanda, ndiyo feni ya kusukuma, halafu hushuka kwenye dakti, yaani njia ya hewa, hadi filta za HEPA, zile zinazonasa hata vumbi laini na vijidudu, zilizo darini, juu kabisa ya kitanda cha upasuaji. Hewa chafu hunyonywa na feni nyingine, yenye mota yake, kupitia grili mbili zilizo chini ukutani.

Kiwango cha ASHRAE 170, cha chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ambacho hospitali nyingi hukifuata, kinataka hewa ya thieta ibadilishwe mara 20 kwa saa, na angalau mara 4 kati ya hizo iwe hewa ya nje. Joto liwe kati ya nyuzi 20 na 24, unyevu asilimia 20 hadi 60. Na presha ya ndani iizidi ya korido kwa paskali 2.5 au zaidi. Hilo la mwisho ndilo moyo wa kisa hiki. Presha ikiwa kubwa ndani, kila mlango ukifunguliwa hewa safi ndiyo inayotoka kwenda koridoni, na vumbi la korido, nyuzi za nguo na vijidudu vinavyosafiri navyo havipati njia ya kuingia kwenye jeraha lililo wazi.

Kwa thieta yetu, mara 20 ni mita za ujazo 2,160 kwa saa. Feni ya kunyonya ilikuwa imewekwa kutoa 1,700. Ziada iliyobaki ndiyo inayotokea chini ya milango na kushikilia presha.

Mtiririko wa matukio

Mota ya feni ya kusukuma iliungua. Hatukuwa na ya akiba, ikapelekwa kwa fundi wa nje kusukwa upya nyaya zake za ndani. Ilirudi baada ya siku mbili, jioni, na thieta ilikuwa na ratiba ya asubuhi. Fundi umeme akaifunga, akaunganisha nyaya tatu, akawasha. Nikapanda ngazi thietani, nikaweka mkono chini ya grili ya dari. Hewa inatoka. Nikapima ampia: 3.4, wakati bamba la mota linasema 6.1. Nikaona mota haielemewi, nikafurahi. Kwenye fomu nikaandika maneno mawili, "hewa inatoka", nikasaini. Hiyo ndiyo siku ya 1.

Siku ya 3 sista msimamizi wa thieta alinipigia. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, chumba kina joto, madaktari wanatoka jasho. La pili aliliongeza kama kitu kidogo: "Halafu fundi, huu mlango siku hizi unajibamiza. Zamani ulikuwa unarudi polepole." Nikashughulikia la kwanza: nikasafisha filta za mwanzo na kushusha themostati kutoka nyuzi 20 hadi 17. La pili nikampelekea seremala, naye akakaza kifaa cha kurudishia mlango.

Siku ya 9 joto likarudi, na safari hii unyevu umefika asilimia 72. Sikuwa zamu. Mwenzangu aliweka geji kwenye mabomba, akakuta presha ya kunyonya, yaani ya gesi inayorudi kwenye kompresa, iko chini, akaongeza nusu kilo ya gesi ya R-410A. Kwa saa chache mambo yalionekana kutulia, kwa sababu alipozima mashine ili afanye kazi, barafu iliyokuwa kwenye koili ilipata muda wa kuyeyuka. Hatukulijua hilo wakati ule.

Siku ya 12, katikati ya upasuaji, tone la maji lilidondoka kutoka kwenye grili ya dari na kuangukia kitambaa safi cha meza ya vyombo.

Nilifika nikiwa nimevaa nguo za thieta, nikasimama mlangoni, sikuingia. Kutoka pale niliona kingo za grili yote zimetoka jasho, matone yamejipanga kama ushanga, na moja lilikuwa limeanza kunyooka. Wauguzi walikwisha kuiondoa ile meza na kuleta seti nyingine. Sista alinisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, tunaendelea au hatuendelei?"

Maamuzi wakati mgonjwa yuko mezani

Mbele yangu kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuzima mashine nzima. Matone yangekoma, lakini feni ya kunyonya ingeendelea kuvuta, na hata ingezimwa nayo, chumba kingebaki bila hewa iliyochujwa huku jeraha liko wazi. Ya pili ni kuiacha kama ilivyo na kusogeza kitanda. Matone yangeongezeka. Ya tatu ni kuzima kompresa peke yake na kuiacha feni izunguke: grili ingepata joto polepole, jasho likauke, na hewa iendelee kupita kwenye HEPA, japo kidogo.

Nikachagua ya tatu, nikamweleza sista gharama yake: chumba kitazidi kupata joto. Akampelekea daktari. Daktari akauliza swali moja tu, dakika ngapi. Nikasema naweza kuahidi 40. Akasema zinatosha kufunga jeraha.

Mtu mmoja alipendekeza tufungue mlango wa korido "ipate kupumua", mwingine akauliza kama alete feni ya kusimama. Yote mawili nikayakataa palepale. Feni ya kusimama thietani huinua kila kilicholala sakafuni na kukirusha mezani.

Baada ya robo saa matone yakakoma. Mwenzangu alikuwa juu akichunga sinia la maji chini ya koili, maana barafu ilikuwa inayeyuka na bomba la kutolea maji halikuwa limetengenezwa kubeba mafuriko ya namna ile. Upasuaji ukaisha salama. Nikamwambia sista thieta hii naifunga, wagonjwa waliobaki wahamishiwe nyingine. Ratiba ya watu wengi ilivurugika na baadhi walikasirika. Sista alisimama upande wangu, na nisingeweza kufunga bila yeye.

Uchunguzi

Barafu ilipokwisha, tukawasha mfumo wote na kuuangalia upya. Presha ya kunyonya ikaanza kushuka hadi psi 88. Kwa R-410A hiyo ni sawa na koili kuchemsha gesi kwenye takriban nyuzi 4 chini ya sifuri, wakati tulitarajia karibu psi 118, yaani nyuzi 4 au 5 juu ya sifuri. Mwenzangu akasema bado gesi haitoshi. Mtungi ulikuwa tayari mkononi.

Nikamwomba asubiri tupime joto la mabomba kwanza. Supahiti, ile ziada ya joto ambayo gesi huipata baada ya kumaliza kuchemka ndani ya koili, ilikuwa nyuzi 1 tu. Sabukuli, yaani jinsi gesi iliyogeuka kimiminika inavyopoa zaidi kabla ya kwenda kwenye vali, ilikuwa nyuzi 14. Gesi ikipungua huonyesha kinyume chake kabisa: supahiti hupanda, sabukuli huanguka. Hapa gesi ilikuwa imejaa kupita kiasi, na bado presha ya kunyonya iko chini. Maana yake koili haipati joto la kuchemshia. Na joto hilo huletwa na hewa. Bomba la kurudi lilikuwa jeupe kwa theluji hadi kwenye kompresa. Gesi isiyochemka ilikuwa inarudi ikiwa kimiminika, na siku chache zaidi tungezika kompresa pia.

Nikashuka thietani na kipande cha karatasi laini ya chooni, upana wa vidole viwili. Nikafunga mlango, nikapiga magoti nje, nikakining'iniza mbele ya upenyo wa chini. Karatasi ilipaswa kusukumwa kuja kwangu. Ikalala kuelekea ndani na kubaki imelala, inapepea. Nikafungua mlango nikatazama sakafu ya upande wa ndani: msitari mwembamba wa kijivu, nyuzi za nguo na vumbi, umejipanga kando ya kizingiti. Thieta ilikuwa inanyonya korido.

Ukutani kuna geji ya presha, ya paskali 0 hadi 60. Sindano yake ilikuwa imelala kwenye sifuri, na kila mtu alisema imekufa. Haikuwa imekufa. Geji ile haina namba chini ya sifuri. Presha ikigeuka kuwa hasi, sindano hukaa kwenye kizuizi chake. Ilikuwa inasema kweli tangu siku ya 1.

Kipima-upepo kilitupa kiasi: hewa inayoingia mita za ujazo 900 kwa saa, inayonyonywa 1,600. Pengo la 700 lilikuwa linaingia chini ya milango, bila kuchujwa popote.

Nikapanda tena juu, nikafungua kifuniko cha feni. Pembeni mwa bweta lake la chuma kuna mshale, umefunikwa na vumbi. Nikaupangusa. Nikamwambia mwenzangu azime, nikaangalia puli inavyopunguza mwendo. Ilikuwa inazunguka kinyume na mshale.

Kwa nini hakuna aliyeona

Hapa inafaa nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaamini feni ikizunguka kinyume itavuta badala ya kusukuma. Kwa feni ya mapanga marefu, ile inayopitisha hewa moja kwa moja kama ya mezani, ni kweli. Lakini feni ya ngoma, iliyofungwa ndani ya bweta lenye umbo la konokono, haigeuzi mwelekeo wa hewa. Hewa hutupwa nje ya ngoma na bweta huielekeza kwenye mdomo uleule. Kinachoanguka ni kiasi. Ndiyo maana mkono wangu ulihisi upepo. Na ndiyo maana ampia zilikuwa ndogo: feni ya aina hii, yenye mapanga yaliyopinda mbele, ikihamisha hewa kidogo inafanya kazi kidogo. Ile 3.4 niliyoifurahia ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Mota ya fezi tatu hugeuka upande kwa kubadilishana nyaya mbili tu. Mota iliyosukwa upya inaweza kurudi na ncha zilizotolewa kwa mpangilio tofauti na wa mwanzo. Fundi umeme alifunga rangi kwa rangi kama alivyozikuta. Hakukosea nyaya, alikosa mtu wa kumwambia atazame mshale, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mengine yote yalifuatana. Hewa kidogo ikaifanya koili ipoe mno na kuganda. Barafu ikaziba njia ya hewa, ikapungua zaidi. Korido ikaleta joto na unyevu. Kwa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 72, maji huanza kujiunda juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 18 au 19, na grili yetu ilikuwa na nyuzi 9. Themostati niliyoishusha siku ya 3 iliongeza baridi ya grili na kuukaribisha umande. Nililisukuma tatizo mbele huku nikidhani nalitibu.

Marekebisho na matokeo

Kugeuza nyaya mbili kulichukua dakika kumi. Ampia zikapanda hadi 5.6. Kazi ndefu ilikuwa kusafisha athari za siku 12. Gesi yote tulivuta kwenye mtungi wa kurejeshea, kisha tukajaza kwa mizani kulingana na bamba la mashine. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo kukisia kwa geji hakufai. Na kuiachia hewani ni kosa, maana kwa kupasha dunia joto ina nguvu zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dayoksaidi. Koili na sinia vikasafishwa. Filta za HEPA zilizopata unyevu tukazitoa, kwa sababu filta iliyolowa huotesha ukungu na baadaye kuupuliza juu ya mgonjwa. Mpya zikafungwa na kingo za fremu zikapimwa kama zinavuja.

Vipimo vya mwisho: hewa inayoingia 2,190, inayonyonywa 1,720, presha paskali 8, unyevu asilimia 52, joto nyuzi 21. Karatasi chini ya mlango ililala kuelekea nje. Muuguzi wa kudhibiti maambukizi alisimamia usafi, akachukua sampuli za hewa na nyuso, na akasaini kufunguliwa siku tatu baada ya tone lile. Sikuruhusu thieta ifunguliwe kwa saini yangu peke yangu.

Wagonjwa wote waliopasuliwa humo katika siku hizo walifuatiliwa, siku 30 kwa upasuaji wa kawaida na 90 kwa waliowekewa vyuma. Mmoja alipata maambukizi ya jeraha, akatibiwa, akapona. Madaktari hawakuweza kuyafunga maambukizi yale na hewa, wala kuyatenga nayo. Jeraha huambukizwa kwa njia nyingi. Mimi nimebaki nalo hivyo hivyo.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuzima kompresa na kuacha feni nautetea hadi leo. Ulitokana na kujua kila sehemu ya mashine inamfanyia nini mgonjwa: kompresa inampa baridi, feni inampa usafi. Ukilazimika kutoa kimoja, toa baridi. Kukataa mtungi wa gesi nako kuliokoa kompresa, ingawa kulichelewa kwa siku tatu.

Kilichonisumbua zaidi ni ule mlango. Sista hakuwa na geji wala kipima-upepo, lakini alikuwa ameusukuma mlango ule kwa miaka. Mkono wake ulijua kwamba zamani hewa ilikuwa inauzuia usijibamize, na sasa inauvuta. Alinipa utambuzi kamili siku ya 3, kwa bure, nami nikauita kazi ya seremala. Mbaya zaidi, seremala alipokaza kile kifaa alifuta dalili yenyewe. Malalamiko ya muuguzi kuhusu mlango, harufu ya korido, au pazia linalocheza lenyewe, siku hizi nayaandika kwenye daftari la hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Pia tulikuwa tunatibu namba ya joto. Kila hatua, kuanzia filta na themostati hadi gesi, ilikuwa jibu la "chumba hakipoi". Hakuna aliyepima hewa ngapi inaingia hadi maji yalipodondoka. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa mara 20 kwa saa, asilimia 99 ya vumbi linaloelea huondolewa ndani ya dakika 14. Kwa hewa tuliyokuwa nayo, kama mara 8, ingehitaji zaidi ya dakika 30, na hiyo ni kama korido isingekuwa inaongeza jingine.

Kuhusu fomu, "hewa inatoka" si kipimo. Fomu mpya ina nafasi ya mwelekeo wa mzunguko, ampia zikilinganishwa na za kabla ya tatizo, kiasi cha hewa inayoingia na kutoka, na usomaji wa geji. Husainiwa na watu wawili, mmoja wao akiwa wa thieta. Geji ya ukutani tuliibadilisha kwa yenye sifuri katikati, ili presha hasi ionekane kama presha hasi. Ilikuwa ghali kidogo na ilibidi niiombe mara mbili.

Wiki ileile nilizunguka na karatasi yangu hospitali nzima. Vyumba vya kutengea wagonjwa wa kifua kikuu vinahitaji kinyume cha thieta: presha hasi na mabadiliko 12 kwa saa, hewa ya mgonjwa isifike koridoni. Kwenye kimojawapo karatasi ilining'inia wima, haiendi ndani wala nje. Mkanda wa feni ya kunyonya ulikuwa umelegea hadi unateleza. Tuliukaza saa hiyohiyo na kuuagizia mpya.

Mota zilizosukwa bado zinarudi na ncha zisizo na alama. Siku hizi kabla ya kufunga mkanda naiwasha mota kwa sekunde moja na kuizima, jicho likiwa kwenye shafti, na mshale nimeupaka rangi nyekundu inayoonekana ukiwa mlangoni.